Vitamini D: ukae juani au umeze vidonge? Jibu kwa dada wa Kimara

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kimara, nalifupisha maana lilikuwa refu. Ana miaka 34, yupo kitengo cha kupokea simu kwenye kampuni moja pale Posta, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri awahi mwendokasi na anarudi giza limeshaingia. Miezi kadhaa sasa anaumwa mgongo na nyonga na mwili kuchoka choka tu, akapima, maabara wakasema vitamini D yake ni nanogramu 17 kwa mililita, akaandikiwa vidonge vya IU 50,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha wingi wa vitamini). Ana mtoto wa miezi mitano anayenyonya maziwa yake tu, akiwa kazini anamwachia ya kukamua. Mama yake mzazi, ambaye anaishi nao na ana miaka sabini na kitu, anasema hizo ni hela za kutupa, jua lipo bure, kila siku saa moja asubuhi mtoto atolewe nje na yeye mwenyewe wikiendi akae nae. Anauliza nani yupo sahihi, mama au daktari.

Dada yangu, mama yako yupo sahihi kuhusu jua ila kakosea saa. Daktari nae hajakosea kukupa vidonge, ila nimesoma swali lako lote sijaona popote ulipoandika unavimeza mara ngapi, na mimi kama mfamasia hapo ndo nimeshtuka kabla ya mengine yote. Kidonge cha IU 50,000 ni cha MARA MOJA KWA WIKI. Kawaida kinaandikwa kwa wiki nane, basi, alafu mtu anashuka kwenye dozi ndogo ya kila siku. Sisi wa dirishani tunaliona sana hili, mtu kazoea kwamba vitamini ni kitu cha kila asubuhi na chai, anachukua boksi la wiki nane analimaliza kwa siku nane, alafu anarudi kununua lingine kwa sababu "bado sijaona mabadiliko". Kama umekuwa unameza kila siku acha leo, rudi kwa daktari umwambie umemeza vingapi, asikutishe mtu lakini usikae nayo kimya. Dalili za vitamini D kuzidi ni kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, na ikiendelea kalsiamu inapanda kwenye damu inakwenda kusumbua figo.

Haya, sasa tuje kwa mama na jua lake.

Ngozi yako ina aina fulani ya kolesteroli, miale ya jua inayoitwa UVB ikiipiga inaibadilisha, joto la mwili linamalizia, inakuwa vitamini D3, hiyo inaenda kwenye ini inabadilishwa kidogo (hicho ndo walichokupima maabara), alafu figo zinaifanya iwe ile yenye nguvu ya kuvuta kalsiamu kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo mtu akikwambia jua lina vitamini D, sio, jua halina vitamini yoyote, wewe ndo unaitengeneza, na UVB ndo inayoanzisha kazi. Tatizo la UVB ni kwamba jua likiwa chini inapotea njiani. Saa moja asubuhi jua la Dar ndo kwanza limechomoza, miale inakuja kwa mshazari, inapita kwenye hewa ndefu sana na tabaka la ozoni linaimeza karibu yote, unachopata pale ni mwanga na kajoto kazuri. Saa kumi na mbili jioni vilevile. Unaweza kukaa na mtoto juani saa moja nzima ukatoka hapo na vitamini D ileile uliyoamka nayo.

Kipimo chepesi hakihitaji simu wala mashine, angalia kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe mwenyewe, vitamini D hapo ni kidogo mno, kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inafanya kazi. Kwa Dar hiyo inaangukia kama kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana kwa miezi ya baridi, na miezi kama Machi na Oktoba inaanza mapema kidogo na kuchelewa kuisha. Sisi tupo nyuzi karibu 7 tu kusini mwa ikweta, hata Juni ambapo jua limekwenda kaskazini kabisa, mchana bado linapanda nyuzi kama 60 angani. Watu wa London wana miezi mizima ya baridi ambayo hata wakilala uchi nje saa sita mchana hawatengenezi kitu. Sisi hatuna msimu huo, masika mawingu yanapunguza lakini hayazimi.

Najua wazee wetu wamefundishwa kinyume, jua la asubuhi zuri la mchana baya, na hata kliniki mama akijifungua anaambiwa hivo hivo. Nadhani sehemu ya jambo hili inatokana na manjano ya watoto wachanga, kule kinachosaidia ni mwanga wa bluu ambao hata jua la asubuhi unao, ni kitu kingine kabisa na vitamini D (na manjano yakiwa makali dawa yake ni hospitali sio uwanjani). Pia jua la asubuhi linasaidia mwili kujua saa, usiku unalala vizuri. Kwa hiyo mama asiache kukaa na mjukuu wake asubuhi, ila asihesabu kwamba kampa vitamini D.

Sasa swali ambalo hukuuliza lakini lipo ndani yake, inakuwaje mtu anaishi Dar, jua linachoma mpaka lami inalainika, alafu anakosa vitamini D? Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania kwa Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ukigawa kwa mbili na nusu unapata nanogramu 46 kwa mililita, wewe una 17. Na hao watu sio kwamba wanajianika juani, watafiti wenyewe waliandika kwamba wanalikwepa jua kali pale wanapoweza na nguo wanavaa. Tofauti yao na wewe ni kwamba siku yao inapita nje. Yako inapita ndani ya kioo. Na kioo, dada, kinazuia UVB karibu yote, hata ukikaa meza ya dirishani jua linakupiga usoni mpaka unasogeza kompyuta, unapata joto na unaweza hata kuwa mweusi zaidi kwa sababu miale mingine inapita, lakini vitamini D hamna. Basi la mwendokasi likifungwa vioo, hivyo hivyo. Dereva wa daladala aliyetoa kiwiko dirishani anakuzidi.

Alafu kuna ngozi yetu. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, ni kinga, inameza UVB kabla haijafika inapotakiwa, kwa hiyo mtu mweusi anahitaji muda mara kadhaa zaidi ya mzungu kutengeneza kiasi kilekile. Ukisoma kwenye mitandao "dakika kumi zinatosha" jua hayo yameandikiwa ngozi nyeupe. Hapo hapo niseme, mkorogo sio njia ya mkato, najua kuna watu washaanza kuwaza. Unaivua ngozi kinga yake, jua linakuunguza, unaanza kutembea na mwamvuli na mikono mirefu, unaishia na vitamini D ndogo kuliko uliyoanza nayo, achilia mbali zebaki iliyomo kwenye baadhi ya hayo makrimu. Na mwenye ualbino hesabu hii ya jua haimhusu kabisa, kwake saratani ya ngozi ni kitu cha kweli sio cha vitabuni, avae kofia pana na mikono mirefu, apake losheni ya kuzuia jua kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, vitamini D aipate kwa kumeza.

Kwa mtu mweusi wa Dar mwenye afya, mimi huwa nasema nusu saa hivi, mikono wazi mpaka juu ya kiwiko na miguu kuanzia magoti, siku tatu nne kwa wiki, ndani ya yale masaa ya kivuli kifupi. Uso unaweza kuufunika na kofia, eneo lake ni dogo na ndo unaozeeka haraka. Huna haja ya kulala chali kama mtalii wa Coco Beach, kutembea kunatosha. Wewe kwa ratiba yako nafasi ni moja tu, lunch. Saa saba mchana pale Posta kivuli kinakaribia kuwa chini ya miguu yako, badala ya kuagiza chakula kwa boda tembea mwenyewe mpaka kwa mama lishe upande usio na kivuli, kunja mikono ya shati, rudi. Maji kunywa maana joto la Dar ndo litakuumiza kabla ya jua lenyewe. Na ukirudi nyumbani oga kwa raha zako, ile stori kwamba ukioga unaisafisha vitamini D isikunyime maji.

Kama unavaa hijabu au kazini hawataki mikono wazi, inabaki wikiendi, na hapo inategemea unaishi nyumba gani. Nyumba za uswahilini zina uwani, mwanamke anavua baibui anabaki na kanga, saa nne anachambua mchele na kufua, bila kujua kashapata dozi yake. Tukihamia ghorofani uwani umebaki kule, kuna kibaraza cha kuanikia nguo kinachotazama jirani, nani ataenda kukaa pale na kanga? Kwa watu hawa sina ubishi, vidonge.

Ila usidhani kumeza na kuota jua ni kitu kimoja. Ngozi ina akili yake, ikishatengeneza kiasi fulani jua lile lile linaanza kuivunja ile ziada iwe vitu visivyo na kazi, ni kama boya la kwenye simtank, maji yakijaa linafunga lenyewe. Ndo maana wavuvi wa Feri wanaoshinda baharini mwaka mzima hawaumwi ugonjwa wa vitamini D kuzidi. Kidonge hakina boya. Utakachomeza kinaingia, kinakaa kwenye mafuta ya mwili, kikizidi kimezidi. Kwa mtu mzima mahitaji ya siku ni IU 600, akivuka miaka 70 ni 800, na kikomo cha kila siku bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Sasa pita kwenye kurasa za wauza virutubisho uone wanavyouza 10,000 ya kila siku "kuongeza kinga", na wengine wanasukuma dozi kubwa ya mara moja. Mwaka 2010 Australia walitoa matokeo ya kuwapa wanawake wa zaidi ya miaka 70 dozi moja ya IU 500,000 kwa mwaka wakitegemea mifupa itakuwa imara, wakaanguka na kuvunjika ZAIDI ya wale ambao hawakupewa. Na wale wanaosema inazuia saratani na moyo, Marekani walichukua watu zaidi ya 25,000 wakawapa nusu yao IU 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi, matokeo yakatoka 2018, saratani haikupungua wala mshtuko wa moyo, baadae wakaangalia na mifupa kuvunjika nayo haikupungua. Kumbuka wengi wa hao walikuwa hawana upungufu tangu mwanzo. Vitamini D inamsaidia anayepungukiwa, aliyetosheka hata akiongeza anapata gharama na wasiwasi tu.

Kwenye 17 yako. Chini ya 12 ndo tunasema upungufu mkali, ule wa mifupa kulainika, 20 na kuendelea inawatosha watu wengi. Wewe upo katikati, haijakaa sawa ila sio janga. Ningekuwa mimi nisingeanza na jua peke yake kwa sababu ratiba yako ni ngumu na itakuchukua muda, vidonge kwanza, ama hiyo ya kila wiki kwa wiki nane kama daktari alivyoandika, ama 1,000 mpaka 2,000 kila siku, zote zinakufikisha na kunyonyesha hakuzuii, ongea nae mchague. Unapofika dukani omba D3, ndo inayopandisha na kudumu vizuri kuliko ile aina nyingine, D2. Imeze na chakula chenye mafuta, sio na chai ya rangi tupu. Ukikuta boksi limeandikwa mikrogramu usichanganyikiwe, mikrogramu 25 ndo IU 1,000. Kama unatumia dawa za kifafa au za TB mwambie daktari, zingine zinaimaliza vitamini D haraka, na mwenye ugonjwa wa figo asijinunulie kabisa, yeye ana aina yake. Baada ya miezi mitatu pima tena, ukikuta umevuka 20 shuka kwenye kidogo au baki na lunch yako ya juani.

Kwa chakula usitegemee sana. Kiini cha yai kina kama IU 40, ungetaka kufikisha 600 ule mayai 15 kwa siku. Samaki wenye mafuta kama vibua wanasaidia, dagaa nao, tena dagaa mimi nawapenda zaidi kwa ile mifupa yao maana vitamini D bila kalsiamu ni fundi bila matofali. Mchicha na matembele kuleni kwa sababu nyingine.

Na hili nalo unisikilize kidogo: sina uhakika kabisa kwamba maumivu yako yote yanatokana na 17. Unaamka saa kumi usiku, una mtoto mchanga, unakaa kwenye kiti masaa tisa, mgongo ungeacha kuuma kwa sababu gani? Kabla hujaiweka lawama yote kwa vitamini D pima wingi wa damu. Takwimu za kitaifa za 2015-16 zilionyesha wanawake kama 45 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu, na kuchoka kwa damu na kuchoka kwa vitamini D mtu hawezi kuvitofautisha kwa kujisikia. Kipimo cha damu ni rahisi kuliko hicho ulichofanya na kingetakiwa kitangulie. Na nyumba nzima isikimbilie kupima vitamini D sasa kwa sababu wewe umepima, wataalamu wa homoni wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2024 wameshauri mtu mzima mwenye afya asipimwe bila sababu.

Mama yako, kwa umri huo ngozi inatengeneza kidogo kuliko zamani, kwa hiyo yeye ndo ahamie kwenye jua la saa nne, nusu saa, mikono nje, akimaliza aingie kivulini. Kama haendi nje sana mnunulie IU 800 za kila siku, atagoma mwanzoni, mwambie ni za magoti.

Mtoto hapo ndo nasema moja kwa moja, jua la kutafutia vitamini D hapana. Jua la asubuhi halimpi hiyo vitamini na jua la mchana lenye UVB ni kali mno kwa ngozi ya miezi mitano. Maziwa ya mama yana karibu kila kitu anachohitaji, ila vitamini D yake ni kidogo, na ya mama mwenye 17 ni kidogo zaidi. Marekani tangu 2008 wanashauri mtoto anayenyonya apewe IU 400 kila siku, hapa kwetu kliniki hawayagawi matone ya vitamini D kama wanavyogawa vitamini A, na sio kila mtoto wa Kitanzania anayahitaji, lakini wako ni mweusi, anashinda ndani na dada wa kazi, mama yake anapungukiwa, ningempa. Miguu kupinda kidogo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mara nyingi ni kawaida usianze kuita matege, ila ikipinda zaidi kadri anavyokua, au vifundo vya mikono vikaonekana vinene, mpeleke aonwe.

Ukinunua matone soma chupa hapo hapo dirishani kabla hujalipa. Kuna aina ambayo IU 400 ni tone moja na kuna aina ambayo IU 400 ni mililita moja nzima, chupa zinafanana na makosa yote ninayoyajua ya watoto yanaanzia hapo. Mwombe mfamasia akuonyeshe kwa macho kiasi cha siku, kikaandikwe kwenye boksi kwa kalamu, alafu mama na dada wa kazi mkubaliane ni nani mmoja anayempa, asije akapewa mara mbili.